Somo: Udongo mweusi wa bwawa mu sashe za pepinyera



Somo la leo ni juu ya udongo mweusi wa bwawa, ile mare yetu yenye mafunjo. Kifaransa kinauita tourbe. Hapa tutaandika turbe. Mu Kabare na Walungu kuko makundi wanauchimba wakati wa kiangazi kwa kujaza sashe za kahawa, avoka, tomati na shu. Sababu inaeleweka: ni mwepesi kubeba, unashika maji, na hakuna mtu anauuza. Lakini kisha wiki tatu ao ine miche inakuwa ya manjano, inasimama palepale, na watu wanasema mbegu ilikuwa mbaya. Mara nyingi kosa si la mbegu. Ni la chakula chenye kinakosa mu sashe.

1. Turbe inatoka wapi

Majani yakifa mahali pakavu, yanaoza yote na kurudi udongo. Mu bwawa maji yanazuia hewa. Bila hewa, kuoza kunaenda polepole sana, na mabaki ya mafunjo na matete yanalundikana mwaka juu ya mwaka. Kwa kawaida turbe inaongezeka karibu milimita 1 tu kwa mwaka. Kina cha sentimita 50 ni kazi ya miaka karibu 500.

Turbe ya mifuko, yenye wakulima wa maua wanatumia Ulaya na Marekani, inatoka hasa Kanada, Ireland na inchi za Baltiki. Ile imetoka mu jani dogo laini, sfagnum, lenye kuota kama mkeka mu mabwawa ya baridi. Yetu ni ya mafunjo na matete, na mara nyingi imechanganyika na udongo wenye mvua inateremsha toka milimani. Kwa hiyo maagizo ya mfuko wa Kanada hayafai moja kwa moja kwa udongo wa bwawa lako.

Kabla ya yote, pima. Kamata konzi moja ya udongo mbichi, uikamue. Kama maji ya kahawia yanatoka na nyuzi za majani zinabaki mkononi, ni turbe. Kama unateleza, unanata na unaweza kufinyanga nao chungu, huo ni udongo wa mfinyanzi wenye rangi nyeusi. Kausha konzi ingine na uitie motoni: turbe inaungua polepole na kubakiza majivu kidogo, mfinyanzi unabaki vile ulivyokuwa. Mfinyanzi peke yake mu sashe unaziba hewa na mizizi inaoza. Usiutumie.

2. Turbe inatoa nini, inakosa nini

Inatoa mambo mawili mazuri: inashika maji mengi, na bado inaacha nafasi ya hewa kwa mizizi. Ndiyo sababu inapendwa mu sashe na mu ndoo, kwa maana chombo kidogo kinakauka mbio kuliko shamba.

Inakosa mambo matatu:

Kwanza, chakula. Azoti iliyo ndani imefungwa, mche hauipati haraka. Fosfori na potasi ni kidogo. Mche unaishi na akiba ya mbegu, akiba ikiisha unakuwa manjano.

Pili, iko na ukali, ao asidi. Turbe ya sfagnum iko na pH karibu 3,5 mpaka 4,5. Tomati na shu wanapenda 6 na kidogo juu. Kahawa inaridhika kati ya 5 na 6. Turbe yetu haina ukali sawa kila mahali, lakini mara nyingi inahitaji kupozwa.

Tatu, ikikauka kabisa inakataa maji. Unamwagilia, maji yanapita pembeni ya sashe na kutoka chini, katikati kunabaki kukavu. Mtu anaona chini panatona, anafikiri mche umekunywa. Kumbe bado uko na kiu. Turbe kavu ilowanishwe kwanza polepole na maji ya vuguvugu, igeuzwe, ilale usiku mmoja, ndipo ijazwe.

3. Bei yenye hatuihesabu

Tuseme koperative inatayarisha miche 10 000 mu sashe za lita 1. Hiyo ni lita 10 000 za udongo, ni kusema metre kibu 10, ao ndoo 500 za lita 20. Mukijaza turbe tupu na kuchimba sentimita 50, munafungua shimo la metre 4 kwa 5. Kila mwaka shimo moja mupya, na kila shimo ni miaka 500 yenye haitarudi mbele ya wajukuu wetu.

Shida si shimo peke yake. Bwawa ni kama sponji: linakunywa mvua za sezo A na B, kisha linaachilia maji kidogokidogo mu kiangazi. Ndiyo maji ya mashamba yetu ya sezo C, mwezi wa sita mpaka wa tisa. Ukichimba na kufungua mifereji, maji yanashuka, hewa inaingia, na turbe iliyobaki inaanza kuoza. Udongo unadidimia, na moto wa nyasi ukiingia chini unaweza kuendelea siku nyingi bila kuonekana. Jirani wa upande wa chini ndiye anakosa maji wa kwanza. Mabwawa mengi yanalimwa na watu wengi. Mukichimba bila kusikilizana, munatayarisha palabre.

Inchi yetu iko na turbe nyingi kuliko wengi wanavyojua. Mwaka 2017 watafiti walitangaza kwamba mu Cuvette Centrale, kati ya Congo mbili, kuko turbe kwa kilometa za mraba karibu 145 500, yenye kufunga kaboni karibu tani miliare 30. Sehemu kubwa iko upande wetu wa RDC. Turbe ikikauka, kaboni ile inapanda angani na kuongeza joto la dunia. Bwawa letu la mafunjo ni dogo, lakini linafanya kazi kwa namna ileile.

4. Mchanganyiko bila kuchimba bwawa

Kazi ya turbe ni kushika maji na kuacha hewa. Komposti iliyoiva vizuri inafanya kazi hiyo, na juu yake inalisha. Kwa ndoo 6:

- ndoo 3 za udongo wa juu wa shamba, mahali tomati ao viazi havikupata ugonjwa wa kunyauka;
- ndoo 2 za komposti iliyoiva;
- ndoo 1 ya mchanga wa mto, ao makapi ya mpunga kama munapata toka bonde la Ruzizi.

Mu komposti tieni maganda ya kahawa toka ku mashine ya kuosha, majani ya tithonia, nyasi na mavi ya mbuzi ao ya ngombe. Tithonia, lile ua la manjano la kando ya barabara, iko na azoti na potasi nyingi mu majani. Geuzeni kila wiki mbili ao tatu. Maganda ya kahawa yanataka miezi mitatu ao ine. Yakiwa mabichi yanaunguza mizizi. Vumbi la mbao likiwa bichi linanyanganya mche azoti: liache lioze kwa muda mrefu zaidi ao usilitie.

Kwa kundi lenye tayari liko na lundo la turbe, msiitupe. Tieni kopo moja ya majivu ya kuni, kiasi cha glasi ya maji, mu kila ndoo ya turbe, changanyeni, lowanisheni, muache wiki mbili. Kisha: ndoo 1 ya turbe, 2 za udongo, 2 za komposti. Majivu yasikutane na mavi mabichi, juu azoti itapotea mu hewa. Kwa koperative zenye cheti cha kahawa bio, mchanganyiko huu hauhitaji ire wala mbolea ingine ya kiwanda.

5. Jaribio mbele ya kujaza sashe zote

Panda mbegu 10 za kunde ao maharagi mu mchanganyiko, mwagilia, ngoja siku 10. Kama 8 ao zaidi zimeota na majani ni ya kijani, jazeni. Kama zimeota chache ao ncha zimeungua, komposti haijaiva. Ngojeni wiki tatu, mujaribu tena.

Kisha, kila kundi lipange mistari mitatu ya sashe 20: mstari wa turbe tupu, mstari wa turbe na komposti, mstari bila turbe. Mbegu moja, siku moja, maji sawasawa. Kila juma pili andikeni mu daftari urefu, rangi ya majani na mara ngapi mulimwagilia. Kisha wiki sita, leteni daftari mu mkutano.

Maswali ya kuzungumzia mu kundi

- Nani anachimba mu bwawa letu leo, na maji ya kiangazi yamepungua ao hapana?
- Nani atachunga lundo la komposti kuanzia mwezi wa tatu, ili iwe tayari mbele ya sezo A?
- Tunaweza kukubaliana na majirani sehemu ya bwawa yenye hakuna mtu ataigusa?

Mukijibu swali la tatu pamoja na chefu wa kijiji na wale wanaolima upande wa chini, andikeni makubaliano na muyaweke sahihi. Neno la mdomo linasahauliwa kiangazi kikifika.