Mama Haoni Vizuri? Msimnyang'anye Mwiko

Mdogo wangu uliyeniandikia kutoka Tanga, barua yako nimeisoma. Mama anajigonga kwenye stuli, anamwaga chai, na nyumba nzima mmekubaliana kwamba "ni uzee tu". Sasa mmemkataza jiko. Hapo mmenikera mara mbili.

Uzee si ugonjwa wa macho. Na huko kujigonga ndiko kulikonishtua, maana huenda kuna ugonjwa wa macho nyuma yake. Mwenye mtoto wa jicho huona ukungu: lenzi ya ndani ya jicho imepoteza ung'avu, taa za magari usiku zinamchoma, sura za watu zinafifia. Dawa yake ni upasuaji. Jicho linatiwa ganzi, lenzi ile inatolewa, inawekwa ya bandia, na mara nyingi nusu saa haiishi. Hakuna matone yanayouondoa ule ukungu. Anayewauzia asali au maji ya mizizi ya kutia machoni, mkimbieni.

Presha ya macho, glakoma, ni jambo jingine, wala si ile presha ya kupimwa mkononi. Hii huharibu mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, na kwa kawaida huanza kuiba pembeni. Mama anaweza kutunga uzi kwenye sindano vizuri kabisa, asione stuli iliyo ubavuni pake. Mara nyingi haiumi. Kilichopotea hakirudi, matibabu hulinda kilichobaki. Kwa hiyo mpelekeni hospitali wiki hii, msingoje. Kama ana kisukari, mtajieni daktari, maana mwenye kisukari hupimwa macho kila mwaka hata akiwa anaona vizuri. Aende na mtu: akitiwa dawa ya kupanua mboni, ataona maluweluwe kwa saa kadhaa.

Akiandikiwa matone, msimwachie ayamwagie shavuni. Aangalie juu, avute kope la chini, tone moja liingie, afumbe jicho taratibu na kubonyeza pembe ya jicho karibu na pua kwa dakika moja au mbili. Kama ni dawa mbili, zipishane dakika tano. Na chupa ikiisha msikae mkisema mbona haumwi.

Sasa jiko. Mrudishieni mwiko wake! Kopo la chumvi livisheni mpira wa kufungia pesa, la sukari liacheni hivyo hivyo, vidole vitajua. Ukingo wa ngazi upakeni rangi nyeupe. Wali mpakulieni kwenye sahani ya rangi iliyokoza, si nyeupe. Stuli ikae mahali pamoja, na wajukuu waambiwe hivyo. Ukiingia, sema: "Shikamoo mama, ni mimi," kisha jina lako, usimwache akibahatisha sauti. Mkitembea, usimsukume wala kumburuta. Ashike mkono wako juu ya kiwiko, nawe utangulie nusu hatua. Simu nyingi za kisasa zina sauti ya kusoma skrini. Kijana wa nyumbani amfundishe, kwa subira tafadhali.

Hospitalini daktari akiuliza, "Mama anaonaje?", wewe nyamaza. Mwenye macho ajibu. Zamu yako inakuja: ikithibitika ni glakoma, wewe na ndugu zako wa tumbo moja mpo kwenye hatari kubwa kuliko wengine, kwa hiyo mwombe daktari akupime siku hiyo hiyo, kisha uwapigie simu hao wengine.