Usiuze Gari Kabla Hujalipima

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji Tanzania, ikishatangaza bei kikomo za mafuta, huwa nalijua swali litakalonifikia wiki hiyo: "Dada, gari langu linakula sana mafuta. Niliuze nichukue haibridi?" Nami huuliza: linakula kiasi gani? Lita moja inakufikisha kilomita ngapi? Hapo mazungumzo hukatika. Wengi wetu tunajua tunatia mafuta ya shilingi ngapi, lakini hatujui mafuta hayo yanatufikisha wapi.

Ile tabia ya kufika sheli na kusema "nitilie ya elfu ishirini" inaficha mengi. Bei ikipanda, elfu ishirini yako inabaki ile ile, ila lita zinapungua kimyakimya, nawe unaanza kulilaumu gari. Mwaka 2022 petroli ilipovuka shilingi 3,000 kwa lita, noti mbili za elfu kumi zilikuwa hazifikishi hata lita saba. Gari halikuwa na kosa lolote.

Kwa hiyo kabla ya yote, pima. Mshahara ukiingia, jaza tanki mpaka pampu ijikate yenyewe, kisha rudisha tripu sifuri pale kwenye dashibodi. Endesha kama ulivyozoea. Mafuta yakishuka, rudi sheli ile ile, jaza tena mpaka pampu ijikate, na uchukue risiti. Gawa kilomita ulizotembea kwa lita zilizoingia mara hiyo ya pili. Umetembea kilomita 300 na zimeingia lita 30? Gari lako linakwenda kilomita 10 kwa lita. Rudia mara mbili tatu ili uwe na hakika. Najua kujaza tanki ni fedha nyingi kwa mkupuo mmoja, lakini bila namba hiyo kila ushauri utakaopewa, hata wangu, ni wa kubahatisha.

Tazama namba hiyo inavyofanya kazi. Tuseme unaishi Tegeta jijini Dar, kazi iko Posta, na kwenda na kurudi ni kilomita 50. Lita tuihesabu shilingi 3,000. Gari likienda kilomita 8 kwa lita, siku moja inakugharimu 18,750. Likienda 12 kwa lita, unatumia 12,500. Kwa siku 22 za kazi tofauti ni shilingi 137,500. Kuna nyumba ambazo hiyo ni ada ya mtoto, kwa hiyo silichukulii jambo hili kama dogo hata kidogo.

Na sehemu kubwa ya tofauti hiyo imo kwenye mguu wako wa kulia. Simama siku moja kwenye mataa ya Mwenge uangalie. Taa ya kijani ikiwaka, kuna gari litakalochomoka kwa kishindo, lipite mengine mawili matatu, kisha mita mia mbili mbele taa za breki ziwake, liko nyuma ya daladala ile ile ambayo wenzake wanaifikia taratibu bila kugusa breki. Mafuta yote dereva wake aliyoyachoma ili gari lishike kasi, ameyageuza kuwa joto kwenye breki pedi. Ukiona mbele pamefunga, toa mguu mapema, acha gari lijiburuze lenyewe. Acha nafasi na mwenzako wa mbele. Najua utaniambia ukiacha nafasi bodaboda wanaingia. Waache waingie, bado utafika.

Kuna jambo nataka mlishike vizuri kwa sababu linaweza kumwondolea mtu uhai. Wapo wanaoteremka mlima Kitonga au Sekenke wameweka gia nyutro wakiamini wanabana mafuta. Hiyo iliwafaa kidogo watu wa enzi za kabureta. Injini ya siku hizi ina kompyuta: gari likiwa kwenye gia na wewe umeachia mafuta kabisa, kompyuta inafunga nozeli, na kwa muda huo injini inazungushwa na matairi bila kunywa chochote. Ukiweka nyutro, injini inalazimika kuchoma mafuta ili isizimike. Kwa hiyo unapoteza mafuta, na juu yake umeinyima injini nafasi ya kusaidia breki kwenye mteremko ambao breki zikichemka hakuna kimbilio. Usifanye hivyo, na ukiwa abiria mwambie dereva asifanye.

Kusimama na injini inanguruma nako kunakula. Gari dogo likiwashwa bila kutembea linaweza kumaliza nusu lita au zaidi kwa saa, na kiyoyozi kikiwaka kinaongeza. Kama unamsubiri mtoto shuleni au foleni imefungwa na askari na unaona wazi haitasogea, zima. Ile hofu kwamba kuwasha upya kunakula zaidi haina msingi kwa injini hizi. Ukisimama zaidi ya dakika moja, kuzima kunalipa. Sikuambii uungue na joto la Dar mwezi wa pili. Kiyoyozi kitumie, ila ukiingia kwenye gari lililoanikwa juani, fungua madirisha dakika chache joto litoke kwanza.

Safari ndefu ina somo lake. Upepo unaolipinga gari hauongezeki sawasawa na mwendo, unakua kwa kipeo cha pili. Kutoka 80 hadi 100 kwa saa, nguvu ya upepo inapanda kwa zaidi ya nusu, na injini ndiyo inayolipa. Dar hadi Morogoro ni kama kilomita 190. Kwa hesabu ya karatasi, anayekwenda 100 atamtangulia wa 80 kwa kama nusu saa, na hiyo nusu saa nyingi inaliwa na malori kabla hata ya Chalinze. Na kama una keria juu ya paa na hubebi kitu, iteremshe.

Sasa twende gereji, maana nako kuna maajabu. Fundi anafungua njia ya maji ya injini, anatoa kidude kidogo cha shaba chenye springi, themostati, anakuambia "dada, hii ni ya nchi za baridi, huku haina kazi," anakitupa pembeni. Ina kazi! Inayazuia maji yasizunguke mpaka injini ifikie joto lake, nyuzi 82 hivi kwa magari mengi ya Toyota. Ikiondolewa, injini inachelewa kupata moto, na kompyuta ikidhani bado ni asubuhi ya baridi inaendelea kuongeza mafuta. Kwenye Vitz na Passo iko taa ndogo ya bluu yenye picha ya kipimajoto, huwaka ukiwasha gari na kuzimika baada ya dakika chache. Yako ikikawia kuzimika, au ikiwaka tena ukiwa barabara kuu, muulize fundi wako themostati iko wapi. Na kama aliitoa kwa sababu gari linachemka, tatizo litafutwe lilipo, kwenye rejeta, feni au pampu ya maji.

Kwa wenye Toyota za zamani za otomatiki, angalieni pia kama kwenye dashibodi imewaka taa ya O/D OFF. Kitufe chake kiko ubavuni mwa mkono wa gia na hubonyezwa bila mtu kujua. Ikiwaka, gia ya juu kabisa haiingii, na injini itapiga kelele njia nzima hadi Dodoma. Bonyeza tena izimike.

Upepo wa tairi pimeni asubuhi kabla gari halijatembea. Aliyewahi kuendesha baiskeli yenye tairi lililolegea anajua miguu inavyochoka. Injini nayo ni hivyo hivyo. Kiwango sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko, fungua mlango wa dereva utakiona kwenye nguzo. Kwa magari yaliyotoka Japani maandishi ni ya Kijapani, lakini tarakimu zinasomeka: 230 kPa ni kama 33 kwenye kipimo cha mtu wa pancha. Ea kilina na plagi zibadilishwe kwa wakati wake, hilo mnalijua.

Tukija kwenye kuchagua gari, nitasema wazi: nunua la njia unayopita kila siku. Mtu anayepita lami tupu kutoka Mbezi hadi mjini, peke yake, hana sababu ya kuvuta gari la cc 2,400 lenye kuzungusha matairi yote manne, eti mara moja kwa mwaka anakwenda kijijini. Hata ushuru wa kuliingiza hupanda kwa ukubwa wa injini. Lakini pia usiwe na familia ya watu watano, kila wiki unapanda milima ya Lushoto, halafu ununue la cc 1,000 kwa sababu "inanusa tu mafuta." Injini ndogo ikibebeshwa mzigo mkubwa inalazimika kukanyagwa muda wote, na unafuu wote unaishia hapo. Na zile kilomita zinazoandikwa kwenye matangazo ya magari ya Japani zilipimwa maabara, juu ya mashine. Barabara ya Mandela saa kumi na mbili jioni haimo humo.

Haibridi ni nzuri kwelikweli kwa foleni, maana injini inazimika ukisimama na breki zinachaji betri. Ukinunua, hakikisha tundu la hewa la betri, mara nyingi lipo karibu na kiti cha nyuma, linasafishwa vumbi. Wenye mizunguko mingi Dar, kama madereva wa teksi, gesi asilia inawapa unafuu mkubwa, ila mfumo ufungwe kwenye karakana inayotambuliwa, na ujiandae kwa foleni ya kujaza na mtungi kuchukua nafasi ya buti.

Turudi kwa wanaotaka kuuza. Ukibadilisha gari kwa kuongeza milioni 9 ili uokoe zile 137,500 kwa mwezi, itakuchukua zaidi ya miaka mitano kurudisha fedha yako. Kama gari ulilonalo ni zima, kaa nalo, lirekebishe, badilisha uendeshaji, upime tena baada ya miezi miwili. Likibaki kwenye namba mbovu baada ya hapo, liuze, na uende kwa muuzaji ukiwa na kilomita zako kwa lita kwenye karatasi.