Kabla ya kuvuka Horohoro

Msomaji, mkazi wa Bombolulu anayekwenda Tanga kwa arusi au msiba huiona safari hiyo kama ya kwenda kwao tu. Anavuka daraja la Nyali, anapanda feri ya Likoni, anapita Ukunda na Msambweni hadi Lunga Lunga, na akifika upande wa pili, Horohoro, anakuta lugha ni ileile. Wadigo na Wasegeju wako pande zote mbili. Lakini mpaka ni mpaka, na ofisa wa afya aliyeketi pale haulizi ukoo. Huuliza kadi ya njano.

Kadi hiyo ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Ugonjwa huu huletwa na virusi vinavyoenezwa na mbu wa jamii ya Aedes, yule mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana. Mgonjwa hushikwa na homa, maumivu ya mgongo na kutapika. Wengi hupata nafuu baada ya siku chache. Wachache hurudiwa na homa kali, macho yakageuka manjano, damu ikatoka puani na mdomoni, ini na figo zikashindwa kazi, na karibu nusu ya wanaofikia hatua hiyo hufa. Dawa ya kuua virusi hivyo haipo. (Si kila macho ya manjano ni homa hii, wala dawa za miti shamba za “nyongo” si kinga yake. Wengi tunaowaona kliniki wakiwa na macho ya manjano wana ugonjwa mwingine wa ini au wa damu.)

Wasafiri hulalamika: mbona sisi watu wa Mombasa, ambao hatujasikia homa ya manjano mtaani? Jibu ni kwamba cheti hutazama nchi, si mtaa. Kenya imo katika orodha ya nchi zenye hatari ya ugonjwa huo; ulizuka Bonde la Kerio mwaka 1992 hadi 1993, na Isiolo mwaka 2022. Tanzania inauliza kadi ili virusi visiingie, kwa sababu mbu wa kuvieneza wapo tele. Hata sisi tunao. Homa ya dengue iliyotusumbua Mombasa mwaka 2013, na chikungunya ya mwaka 2004 na ile ya mwisho wa 2017 kuingia 2018, zote zilienezwa na mbu wa jamii hiyohiyo. Neno chikungunya lenyewe ni la Kimakonde, kutoka kusini mwa Tanganyika, ugonjwa ulikotambuliwa mwaka 1952.

Jambo linalowatia watu taabu ni siku. Cheti huanza kuhesabiwa kuwa halali siku 10 baada ya sindano. Arusi hupangwa, lakini msiba hausubiri siku 10. Kwa hiyo mwenye jamaa ng’ambo achanjwe sasa, akiwa hana safari yoyote. Tangu tarehe 11 Julai 2016, cheti kimoja hutosha maisha yote, hata kile cha zamani kilichoandikwa miaka 10. Nenda kituo kilichoidhinishwa, kwa mfano Ofisi ya Afya ya Bandari, ukiwa na pasipoti yako ili namba iandikwe sawasawa. Kadi ya kliniki ya mtoto haitoshi, kwani chanjo hii haimo katika ratiba ya kawaida ya watoto wa pwani. Mtoto huchanjwa kuanzia miezi 9, na cheti hudaiwa kuanzia umri wa mwaka 1.

Sindano hii ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na si ya kila mtu. Mjamzito, anayenyonyesha mtoto mchanga, mwenye mzio mkali wa mayai, mwenye kinga ya mwili iliyoshuka sana kwa Ukimwi au dawa za saratani, na mwenye zaidi ya miaka 60 anayechanjwa mara ya kwanza, wote wamwone daktari kwanza. Daktari akiona chanjo haifai, huandika barua ya msamaha na kuigonga muhuri. Barua hiyo ndiyo ya kuonyesha mpakani.

Ndiyo sababu siwezi kuwa mpole kwa wanaonunua kadi iliyokwisha gongwa muhuri bila sindano. Kadi hiyo haikukingi, na ikigunduliwa utaambiwa uchanjwe papo hapo ama urudi. Mama mwenye mimba ya miezi 2, aliyechoka na joto la basi na anayekimbilia maziko, atakumbuka kusema ana mimba?

Kuhusu hati, usikitegemee kitambulisho pekee. Mpango wa kusafiri kwa kitambulisho ulioanza mwaka 2014 ni wa Kenya, Uganda na Rwanda, Tanzania haikuingia. Chukua pasipoti, au hati ya muda ya Idara ya Uhamiaji, na mtoto awe na yake.

Dawa za presha na sukari zikae mkobani, si kwenye buti ya basi. Ziache katika pakiti zake, pamoja na barua ya daktari, hasa dawa kali za maumivu. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019. Na tafadhali, acha miraa nyumbani. Huku huuzwa hadharani, huko huitwa mirungi na ni dawa ya kulevya kisheria. Kishada kimoja mfukoni chaweza kukulaza korokoroni.

Lala ndani ya chandarua, kunywa maji yaliyochemshwa, na ukiharisha anza mapema maji ya chumvichumvi. Ukizidiwa Tanga, uliza Hospitali ya Bombo. Jina si gumu kwa mtu wa Bombolulu. Ukipata homa baada ya kurudi, hata wiki 3 zikiwa zimepita, pima malaria siku hiyohiyo, na mwambie daktari ulilala wapi na usiku ngapi.