CL14 ya asubuhi, skrini ya bluu ya saa nane mchana

Mdogo wangu wa Katoro, barua yako nimeisoma. Unahariri video za harusi, RAM yako ni DDR4 ya 3200, ukaishusha CL, yaani mizunguko ya saa ambayo RAM inasubiri kabla ya kutoa data, kutoka 16 hadi 14. Asubuhi mashine inaruka, ikifika saa nane mchana skrini inageuka bluu, na fundi ameshakwambia ununue mazabodi mpya. Usinunue. Hilo ni joto la Oktoba, na chumba chako ni bati bila dari.

Ngoja nikueleze. Kila biti ndani ya RAM ni chaji kidogo ya umeme iliyohifadhiwa kwenye kapasita ndogo mno, na kapasita hiyo ni ndoo inayovuja. Ndiyo maana kila safu ya DDR4 inatakiwa ijazwe upya ndani ya milisekunde 64, na chipu ikivuka nyuzi 85 muda huo unakatwa hadi 32. Joto linapanua tundu. Sasa wewe, juu ya kushusha CL, umeivuta na tREFI hadi mwisho kwa sababu jamaa wa YouTube alisema inaongeza kasi. Kasi inaongeza kweli. Ila tREFI ndiyo inayoamua RAM ikae muda gani kabla ya kujazwa, na ukiirefusha ndiyo ya kwanza kukusaliti jua likiwaka. Irudishe ilipokuwa kabla hujagusa kingine chochote.

Na hesabu ya faida tuipige pamoja. CL16 kwenye 3200 ni nanosekunde 10. CL14 kwenye 3200 ni 8.75. CL18 kwenye 3600 ni 10 zilezile, kwa hiyo anayekucheka kwa namba kubwa ya CL hajui anachocheka. Unagombania nanosekunde moja na robo, wakati wengi wanaoniandikia kutoka Kahama na Geita mjini wana kijiti kimoja tu cha RAM, au viwili vilivyochomekwa sloti zisizo zake! Mazabodi ikiwa na sloti nne na vijiti ni viwili, kwa kawaida vinakaa ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Kisha ingia BIOS uwashe XMP, ule mpangilio wa kasi uliokuja na RAM yenyewe. Hapo kazi kubwa umeshaimaliza.

Bado unataka kubana taimingi, hizo namba kama CL na tREFI? Haya, bana, lakini namba moja kwa wakati mmoja, na uandike kwenye daftari. Volti za XMP ya 3200 mara nyingi ni 1.35. Kwa mashine inayokulisha mimi sivuki 1.4, maana volti nazo zinaleta joto.

Kupima ndiko mnakokosea. Mnapima saa nne usiku, feni inapuliza, mnalala mmefurahi. Pima saa saba mchana, madirisha kama yanavyokuwa siku ya kazi. Weka MemTest86 kwenye flashi, iwashe mashine kutoka hapo ili Windows isiguswe, na iache imalize mizunguko minne. Kosa moja tu, umefeli. Hakuna "ni moja tu, dada". Ikipita, ingia Windows utoe video ndefu, kwa sababu MemTest86 haiipi kazi kadi ya picha, na kadi hiyo ndiyo inayoipulizia RAM hewa ya moto. Halafu zima kabisa, iache ilale, uiwashe asubuhi ikiwa baridi. Kuna taimingi zinazodumu mchana kutwa zikashindwa kuwaka alfajiri. Ikigoma kabisa, chomoa umeme, toa ile betri ya duara kwenye mazabodi kwa dakika chache, BIOS itarudi ilivyotoka kiwandani.

Wewe wa harusi utapoteza faili, bibi harusi atalia, utarudia. Wanaonitia hofu ni wale wanaowachorea wachimbaji wadogo modeli za mwamba na majedwali ya sampuli. Kwenye kompyuta, tarakimu 2 na tarakimu 6 zinatofautiana kwa biti moja tu. RAM iliyobanwa kupita kiasi inaweza kuigeuza sampuli ya gramu 2 za dhahabu kwa tani ikasomeka 6, bila skrini ya bluu, bila kelele yoyote, na mtu akauza ng'ombe achimbe duara, shimo la mgodi, hapo. Kazi ya namna hiyo, acha taimingi za kiwandani. Kama mfuko unaruhusu, tafuta mashine inayotumia RAM ya ECC, inayosahihisha yenyewe kosa la biti moja.

Wenye laptopu mlioniuliza: BIOS nyingi za laptopu hazina ukurasa wa kubadili taimingi za RAM, na kompyuta za ofisini zilizotumika zinazouzwa madukani ni vivyo hivyo. Msisumbuane na mafundi. Ongezeni kijiti cha pili kinachofanana na cha kwanza, na mpulize lile vumbi la makarasha ya kusagia mawe kwenye feni.