Convolvulus equitans: Mmea Utambaao wa Nyanda Kame

Makala haya yanaeleza sifa za Convolvulus equitans, mmea wa porini unaoota katika maeneo kame ya kusini magharibi mwa Marekani, hasa Texas, New Mexico na Arizona, hadi Meksiko. Mmea huu umo katika familia moja na kiazi kitamu, yaani Convolvulaceae. Aliyeueleza kisayansi ni Mwingereza George Bentham, mwaka wa 1839. Jina la jenasi limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya kujiviringisha, tabia inayodhihirika katika shina lake.

Shina na Majani

Mmea huu una mzizi mkuu unaozama ardhini wima. Juu yake huchipuka mashina membamba yanayoweza kufikia mita 2, ambayo hutambaa ardhini au kuparamia mimea jirani. Mashina na majani yamefunikwa kwa vinyweleo vinavyoupa mmea rangi ya kijivujivu. Katika mimea ya jangwani, vinyweleo vya namna hii huakisi sehemu ya mwanga wa jua na kupunguza upotevu wa maji. Majani hayana umbo moja: yapo mapana na yapo membamba kama ukanda. Hata hivyo, mengi yana ndewe mbili kwenye kitako, mfano wa kichwa cha mshale, na aghalabu ndewe hizo huwa na meno.

Maua na Matunda

Ua huchomoza kwenye kwapa la jani. Lina sepali 5 na petali 5 zilizoungana kuwa faneli yenye urefu wa milimita 15 hadi 30. Rangi yake ni nyeupe au waridi, na mara nyingi kitovu chake ni chekundu. Ndani mna stameni 5, na stigma ina matawi mawili membamba. Tunda ni kapsuli kavu yenye mbegu zisizozidi 4.

Mwenyeji na Mgeni

Mmea huu hufananishwa na Convolvulus arvensis, gugu lililotoka Ulaya na Asia na kuingia Amerika Kaskazini katika karne ya 18. Mizizi ya gugu hilo husambaa mbali chini ya ardhi, na kipande kilichokatwa huweza kuchipua upya. Ndiyo maana wakulima hulichukia. Asiyezijua tofauti zao huenda akamng'oa mwenyeji kwa kosa la mgeni. Sepali ndizo shahidi bora: za gugu kwa kawaida zina milimita 3 hadi 5, ilhali za equitans zina 6 hadi 12. Aidha, gugu halina vinyweleo vingi, na majani yake huwa ya kijani zaidi.

Hitimisho

Ni dhahiri kwamba maelezo sahihi ya mmea si pambo la vitabu. Mimea miwili hufanana kwa ua na kutofautiana kwa sepali, vinyweleo na mzizi. Anayezichunguza sehemu hizo kabla ya kushika jembe huuokoa mmea usio na hatia.