Hicho Si Kipupwe: Majira ya Baridi Katika Mtaa wa Hamburg

Ndugu msomaji, hebu simama asubuhi na mapema kando ya barabara ya Kisumu kwenda Kisii, hapa hapa Oyugis, uwatazame waendeshaji wa boda boda. Wengi wamevaa makoti mazito ya mitumba, yenye manyoya shingoni na vifungo mpaka kidevuni. Ikifika saa nne, jua limewaka, koti linavuliwa na kukunjwa. Koti lile halikushonewa Oyugis. Lilishonewa mahali ambapo mtu hulivaa asubuhi, mchana na jioni, miezi mitatu minne mfululizo. Je, majira hayo tunayaitaje kwa Kiswahili?

Katika insha zetu wengi huandika "kipupwe". Mimi nakataa. Kipupwe ni neno la pwani, la ule ubaridi wa Juni hadi Agosti upepo wa kusi unapovuma. Baridi ya Ulaya hukolea Desemba hadi Februari, na miezi hiyo Unguja ni ya kaskazi, watu wanatoka jasho. Hata Kijaluo hakitusaidii: tuna oro ya kiangazi, chwiri ya masika na opon ya vuli. Majira ya theluji hatuna.

Kuna mtu mmoja aliyeyajua majira yote mawili mwilini mwake. Sayyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, alizaliwa Unguja mwaka wa 1844 katika jumba la Mtoni, kando ya bahari. Mwaka wa 1866 aliondoka kisiri. Mwaka uliofuata, huko Aden, alibatizwa jina la Emily, akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, na katikati ya 1867 wakafika Hamburg. Kijerumani hakukijua. Kiswahili ndicho alichozungumza na mumewe. Wakakaa mtaa wa Uhlenhorst, kando ya ziwa Alster, na miezi michache baadaye baridi ikaingia.

Kwanza fikiria saa. Sisi tunahesabu saa kwa jua: likichomoza, saa kumi na mbili imefika au imepita kidogo, na mambo huwa hivyo mwaka mzima kwa sababu tuko karibu na ikweta. Hamburg mwishoni mwa Desemba jua hutoka kama saa mbili unusu, na saa kumi limeshazama. Saa moja asubuhi ni giza totoro! Mtoto huenda shule gizani na mama huwasha taa kabla hajaanza kupika chakula cha jioni. Kwa mtu aliyelelewa na saa za Kiswahili, hilo si jambo dogo.

Kisha nyumba. Unguja nyumba hujengwa ili upepo upite. Huko dirisha linafungwa, mara nyingi likiwa na vioo viwili, kimoja nje na kimoja ndani, na mlango haukai wazi hata kidogo kwa sababu joto limenunuliwa. Zamani hizo lilitoka kwenye jiko la vigae, refu kama kabati, lililosimama ukutani. Kila asubuhi majivu yanatolewa, makaa ya mawe yanapandishwa kutoka ghala la chini ya nyumba, moto unawashwa upya. Nguo zikianikwa nje hukauka kama mbao. Leo nyumba nyingi hupashwa joto kwa mabomba ya maji ya moto, lakini kazi ya kuondoa theluji mbele ya nyumba bado ipo.

Wala baridi haikuwapata watu wote sawasawa. Katika mtaa wa kale uitwao Gängeviertel, maskini walibanana katika vichochoro vyembamba ambamo jua halikufika hata mchana. Asiye na pesa za makaa alilala na nguo zake zote. Salme alikuja kuonja shida pia. Agosti 1870 mumewe aliumia alipokuwa akiruka kutoka kwenye gari la reli lililokokotwa na farasi, akafa. Majira ya baridi yaliyofuata yalimkuta mjane, na watoto watatu, mkubwa akiwa bado mdogo sana. Katika kumbukumbu zake, zilizotoka mwaka wa 1886, anaeleza kuwa baridi ya kaskazini humlazimisha mtu kuhangaika ili aishi, ilhali kwao mahitaji yalikuwa machache. Aliyeandika hayo alikuwa amekwisha kununua makaa kwa pesa zake mwenyewe.

Furaha nayo ilikuwepo, tusiseme uongo. Ziwa Alster likiganda vizuri watu hutembea juu yake, wengine wakiteleza kwa viatu vya chuma. Februari 2012 wakuu wa mji waliruhusu, watu wakajaa ziwani kama siku ya soko. Sharti barafu iwe na unene wa sentimita 20.

Hapo nimesema barafu, sikusema theluji. Theluji huanguka laini kutoka mawinguni. Barafu ni maji yaliyoganda. Kichekesho ni kwamba "barafu" imetoka Kiajemi, na huko maana yake ni theluji! "Theluji" yenyewe ni ya Kiarabu. Ule ukungu ulioganda juu ya majani ni sakitu. Na mvua ya mawe inayotuharibia mahindi, ile tunayoiita pe, ni jambo jingine kabisa.

Salme alikufa Jena mwaka wa 1924, mwezi wa Februari. Inasimuliwa kwamba katika vitu vyake mlikutwa kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja, akazikwa nacho Hamburg.

Zoezi la mkutano wetu ujao: tafsiri kwa Kijaluo, bila kutumia "pe" mara mbili: "Theluji ilianguka usiku kucha, na kulipokucha ilikuwa imegeuka barafu." Njoo na jibu lako, na uwe tayari kulitetea.