Oksimita Inapojirekebisha: Kwa Nini Wimbi Kubwa Si Ushahidi wa Mzunguko Mzuri wa Damu

Mama aliyepoteza damu nyingi baada ya kujifungua amelazwa. Vidole vyake ni baridi. Oksimita inaonyesha oksijeni asilimia 97, na wimbi la mapigo limejaa kwenye kioo. Je, mhudumu ana haki ya kusema kwamba mzunguko wa damu ni mzuri? Hana, na sababu imo ndani ya mashine yenyewe.

Oksimita hupitisha kidoleni nuru za aina mbili: nyekundu, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 660 hivi, na infraredi, ya nanomita 940 hivi. Upande wa pili, fotodiodi hugeuza nuru iliyosalia kuwa mkondo mdogo sana wa umeme, na amplifaya huugeuza mkondo huo kuwa volteji. Maikroampia 1 ikipita katika ukinzani wa megaomu 1 hutoa volti 1.

Vidole, hata hivyo, havilingani. Kidole chembamba cha mtoto mchanga hupitisha nuru nyingi. Kidole kinene au chenye kucha zilizopakwa rangi hupitisha kidogo. Kama ukuzaji usingebadilika, amplifaya ingelemewa na kidole cha kwanza na kukosa ishara ya kutosha katika cha pili. Kwa hiyo mashine hujirekebisha: hupunguza au huongeza mwanga wa taa zake, au kiwango cha ukuzaji.

Marekebisho hayo hayaharibu hesabu ya oksijeni. Kwa kila nuru, sehemu ndogo inayodunda pamoja na mapigo hugawanywa kwa sehemu isiyodunda. Ukuzaji uliozidishwa juu na chini ya mgawanyo hujifuta wenyewe. Kisha uwiano wa nuru hizo mbili ndio unaotoa asilimia.

Wimbi la kwenye kioo ni jambo jingine. Mashine nyingi hulinyoosha mpaka lijaze nafasi yake, hata kama mapigo ni dhaifu. Tena, ukuzaji hukuza ishara na kelele pamoja. Mgonjwa akitetemeka, kelele huweza kuzigusa nuru zote mbili kwa kiasi sawa. Uwiano husogea kwenye 1, na kioo huonyesha takriban asilimia 85, hata kama hali halisi ni tofauti.

Wala kujirekebisha huku hakuondoi kila kosa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020 katika New England Journal of Medicine ulichunguza wagonjwa walioonyeshwa asilimia 92 hadi 96. Kipimo cha damu ya ateri kilibaini oksijeni chini ya asilimia 88 katika asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa Weusi, dhidi ya asilimia 3.6 kwa Weupe. Kwetu, jambo hili si la pembeni.

Basi, kabla ya kuamini namba: pasha kidole joto, futa rangi ya kucha, kinga kipokezi dhidi ya jua, na linganisha mapigo ya mashine na yale unayoyahesabu kwa mkono. Mzunguko wa damu upime kwa shinikizo la damu, joto la ngozi na muda wa damu kurejea kwenye kucha iliyobonyezwa. Dalili zikipingana na kioo, msikilize mgonjwa kwanza.